Vidole Vinne Begani

Thuraya ameweka kompyuta juu ya meza ya chakula,
kando ya sahani iliyobaki kokwa za tende,
akaniambia: Baba, vuta kiti,
leo tunakutengeneza.

Kana kwamba mimi feni.

Nje, Al-Khoudh imefunga madirisha. Saa nane mchana, Juni,
hata paka wa jirani kahamia chini ya gari.
Mwezi wa tano huu tangu ghala la mizigo linipe
barua, mkono wa kwaheri, na saa ya ukutani
ambayo haijapata kwenda sawa.

Picha kwanza, anasema. Waajiri hutazama uso kabla ya jina.
Ninayo moja tu nzuri: arusi ya Barka,
kilemba kimekaa, ndevu bado nyeusi,
na begani vidole vinne vyenye hina.
Anausogeza mraba. Anaurudisha.
"Nikate, Baba?"
Hataji ni vya nani. Ndiye aliyeipaka hina ile,
ana miaka kumi na mitatu, ulimi nje, asikosee.
Nasema tuendelee kwingine, hapo tutarudi.

Cheo. Nimeandika: Karani wa ghala.
Anafuta.
Anaandika: Mtaalamu wa Mnyororo wa Ugavi.
Najipapasa shingoni.
"Ndiyo maneno wanayoyatafuta. Mashine husoma kwanza,
mtu baadaye, kama mtu yupo."

Miaka ishirini na miwili nimepokea
vifaranga wa siku moja katika masanduku yenye matundu,
dawa za sukari zisizotaka joto,
jeneza, mara nyingi jeneza, lenye jina la mji wa mbali,
na safari moja farasi, aliyekataa kupanda ndege
mpaka nilipomwimbia sikioni.
Farasi naye tumwandike wapi?
Anafikiri. Anaandika: Usimamizi wa shehena nyeti.

Penye "Kuhusu" nikamwomba aniachie.
Nikaandika kama tulivyoandika kwetu
tulipokuwa na haja kwa mkubwa:

  Mizigo nimeipima, kwa haki bila kuiba,
  Hesabu nimezisoma, sijapunguza kibaba,
  Uwanjani nasimama, na jua likinikaba,
  Ajira ikishakwama, nani atanipa shiba?

Alicheka hadi akajifuta macho.
Akahesabu herufi. "Zinaenea," alisema, "ila neno kuiba
usilitaje, Baba, hata kwa kulikana."
Kuiba likaondoka, na kina chake kikaondoka nalo,
na baada ya hapo sikuona sababu ya kuubakiza wimbo.
Tuliweka mistari mitatu yenye tarakimu.
Asilimia ya hasara: sufuri nukta mbili.
Ni kweli. Lakini haina sauti.

Lugha. Kiarabu, Kiingereza, Kihindi cha ghalani.
Kwenye Kiswahili kidole chake kikasita.
Mwaka nilioanza kazi sikuijaza lugha hiyo kwenye fomu,
Kiarabu changu kikiwa bado kibichi,
wenzangu wakikirudia kwa kicheko chumba cha chai.
"Kiwango gani? Cha kuanzia, cha kazini, au cha kuzaliwa?"
Farasi yule alinisikia kwa lugha hiyo.
Mama yake nilimuaga kwa lugha hiyo.
"Cha kuzaliwa," nikasema.
Akaiweka juu, ikapita Kiarabu. Sikumwambia airudishe.

Halafu picha. Alikata polepole, kama anayetoa mwiba,
na akaacha ncha moja ya kidole, nyekundu, ukingoni.
"Watadhani doa."
"Na wadhani."

Baada ya Isha simu yangu ikalia:
mtu mmoja ametazama wasifu wako.
Nilivaa miwani. Nilikaa wima, kana kwamba ananiona.
Nikabonyeza nimjue ni nani, kampuni gani, Sohar au Duqm.

Ni Thuraya.
Yuko jikoni, taa haijawashwa,
mwanga wa simu usoni mwake, sufuria inachemka,
na amevuta ile picha kwa vidole viwili,
ameikuza,
ameikuza tena.