Idadi ya Vitanda

Mwaka wa tatu wa shahada, Valdivia, mwezi wa saba,
mvua haijaanuka tangu Jumanne.
Nimevaa buti za dada, zanipwaya,
na kifuani, ndani ya mfuko wa nailoni,
nimeikumbatia fomu isilowe.
Mwalimu Ofelia alituambia darasani:
karatasi ikilowa mtapewa nyingine.
Hakuendelea. Akafuta ubao, akatoka.

Nabisha. Mzee Eleuterio Catrilef
ananipima kwa macho, kuanzia buti kwenda juu.
"Wewe ndiye wa serikali?"
"Hapana, mzee. Mimi mwanafunzi."
"Ala! Kumbe serikali nayo huanza ikiwa changa."
Anacheka mpaka anakohoa,
anakohoa mpaka namshika bega,
na hapo ndipo ninapojikuta ndani.

Jiko la kuni lina moshi kuliko moto.
Ananimiminia chai yao ya kibuyuni, chungu kama shubiri,
mrija mmoja, midomo mitatu.
Somo la maadili, sura ya pili:
usipokee zawadi kwa unayemhudumia.
Nilipata tisini kwa mia.
Sasa niambie, ewe sura ya pili,
mrija nao umo?
Nikanywa.

Kipengele cha saba: idadi ya vitanda.
Naona kimoja, cha chuma, kimeinuliwa kwa matofali
kukwepa maji yanayopita chini yake.
"Vitatu," anadakia mjukuu, Antü, miaka tisa.
"Viko wapi?"
"Hicho cha babu.
Hili benchi langu, huwa nalivuta jikoni baridi ikizidi.
Na kile cha mama."

Nyuma ya mlango godoro limesimama wima,
limeviringishiwa plastiki, limefungwa kamba mafundo mawili,
kama mgeni aliyeambiwa asubiri kidogo.
Mama alikwenda kaskazini kuchuma zabibu.
Alisema atarudi kabla ya mvua.
Babu anachochea jiko
lisilohitaji kuchochewa.

Hesabu yenyewe ni hii.
Nikiandika vitatu kwa watu wawili, basi wametosheka,
alama zinashuka, bati bovu linabaki lilipo.
Nikiandika kimoja, alama zinapanda,
na mama anafutwa kwa kalamu ya bluu
mbele ya mwanawe
anayejua kusoma.

Kitanda usichokilalia, wahenga walisema,
hujui kunguni wake.
Juu ya kitanda asichokilalia mtu yeyote
walinyamaza.

Nilipokuwa na umri wa Antü alikuja mmoja kwetu,
faili la kijani, viatu vikavu.
Alifunua sufuria ya mama bila hodi,
akachungulia, akaandika.
Zilikuwa dengu.
Hadi leo natamani kujua
kama aliandika dengu, au aliandika nini.

Basi natoa penseli.
Kwenye kisanduku: 3.
Nafuta. 1.
Nafuta tena, karatasi inaanza kuchubuka,
karatasi niliyoilinda mvua nzima
sasa naitoboa kwa mkono wangu.
Antü ameniegemea, nywele zake zanuka moshi.
"Dada, kwani hujui kuhesabu?"
"Ndiyo kwanza nasoma," namjibu.
Anatikisa kichwa, ananihurumia.
Yeye yuko darasa la nne na hesabu anaziweza.

Ijumaa Mwalimu Ofelia alirudisha ripoti.
Kisanduku nilikiacha kitupu, chenye tundu,
na pembeni mistari kumi na minne juu ya godoro,
plastiki yake, kamba yake, mafundo yake.
Kwa wino mwekundu: *Fomu haina nafasi ya haya. Rudia.*
Nilikunja karatasi kwa hasira, nikaikunjua kwa aibu,
na ndipo nikaona, chini kabisa, kwa penseli,
hati ndogo ya mtu aliyerudi kusoma mara ya pili:

*Rudi kwao. Huyu mama, anaitwa nani?*