Boksi la Kyando

Lilikuja na basi la usiku kutoka Dar,
limefungwa nailoni, na juu ya nailoni, nailoni,
mihuri ya forodha ubavuni kama makovu ya chanjo.
Magunia kumi na manane ya viazi, alisema Kyando,
lumbesa, yenye kilemba juu,
na ushuru bado hujaugusa.
Mkewe hakuambiwa magunia. Aliambiwa vitabu.

Tulikuwa watano nyuma ya duka la pembejeo, Uyole,
katikati ya mifuko ya mbolea.
Julai. Baridi ile inayotafuta jino bovu na kulipata.
Jiko la mkaa, mlango wazi nusu
maana tunajua mkaa unavyowalaza watu wa huku.

Tulitazama kifuniko: joka la shaba, ngome,
mwanamke mwenye upanga na mgongo wazi.
"Huyo hajawahi kulala Uyole," akasema Sikujua.
Tukacheka. Tukangoja kisu.

Kisu hakikuja.

"Likifunguliwa," Kyando alisema,
kwa sauti ya redio ikitangaza bei ya mahindi,
"linakuwa boksi tu. Lisipofunguliwa linazaa.
Yamechapwa elfu mbili dunia nzima, yana namba.
Hili ni la mia nne na kumi na mbili.
Nipeni miaka mitano, mtaona trekta."

Mwaisumo, msimulizi wetu, aliuliza kilichomo.
Kyando akainama, akasoma ubavuni:
vitabu vitatu vya jalada la ngozi,
ramani ya kitambaa, sanamu arobaini,
dadu saba za jiwe la zambarau.
Alisoma kama mtu anayesoma mahari
ya binti wa nyumba nyingine.

Basi tukacheza kama tulivyozoea.
Kitabu chetu ni fotokopi ya fotokopi,
ukurasa wa themanini na moja haupo,
ndiyo maana katika ulimwengu wetu
hakuna ajuaye sumu ya buibui hutibiwaje.
Tunakufa tu.
Mashujaa ni vifuniko vya soda. Joka ni kufuli bovu.
Dadu aliichonga Sikujua kwa mkaratusi,
nyuso ishirini, msasa siku tatu,
na ina kilema: inapenda saba.
Tumekizoea. Tunapanga vita kwa kukihesabia.

Na kwa kuwa meza hatukuwa nayo,
ramani tuliitandika juu ya boksi.

Hapo juu, kwa miaka mitatu,
tumeteka mji wa chumvi, tumeupoteza,
tumemwaga chai ya tangawizi mtoni na kuiita mafuriko.
Tulinagwe alipohamia Tunduma
mganga wake alibaki mlangoni mwa pango,
kifuniko kimoja cha chungwa
ambacho hakuna anayekisogeza.

Kyando kila mwisho wa mwezi alifungua simu.
Imepanda. Imepanda tena.
Alianza kulifuta boksi vumbi kwa mkono wa shati
kama mtu anayefuta mtoto makamasi kabla ya picha.

Halafu, Machi, mvua ikipiga bati,
akaingia bila kusalimia.
"Wamechapa tena," alisema.
"Elfu ishirini. Na ramani mbili."
Akakaa juu ya mfuko wa mbolea.
Trekta tuliliona likipita machoni pake,
polepole, linaelekea kwa watu wengine.

Akatoa kisu.

Hatukujua tutasema nini. Ndicho tulichokuwa tukingoja,
na bado Mwaisumo akaweka kiganja kwenye ramani:
"Tupo katikati ya daraja, Kyando.
Ukifungua sasa tunaanguka wote."

Alitutazama. Alitazama kifuniko cha chungwa.
Akatoa vitu kimoja kimoja, akavipanga sakafuni
kwa mpangilio uleule,
akalinyanyua boksi hadi sikioni, akalitikisa.

Ndani, mbali, dadu za zambarau ziligongana,
zikabiringika gizani,
zikatulia.

Tukanyamaza wote, shingo mbele,
kana kwamba tungeweza kusoma.

"Saba," akasema Sikujua.