Kidevu Juu Kidogo

Miaka ishirini na sita nimesema maneno hayo hayo
studioni kwangu, pale njia panda ya Kawasoti:
kidevu juu kidogo, masikio yaonekane, usitabasamu.
Vijana wa kwenda Doha huketi kwenye kigoda,
huazima koti langu moja, jeusi, la vifungo viwili,
na wote, mrefu kwa mfupi, hutoka pasipotini
na mabega ya mtu mmoja.

Leo nimeamka saa kumi alfajiri.
Ukungu umelalia haradali, baiskeli inalia kwenye changarawe.
Lenzi nimeikodi Kathmandu kwa siku tatu,
milimita mia sita, nzito kama mtoto aliyelala;
nimeifunga mgongoni kwa shali ya mke wangu.
"Umeleta bomba la maji?" ananiuliza Budhiram.
Yeye ndiye mlinzi. Ndiye aliyemtunza yule ng'ombe
miezi minane, mzee, asiyefaa kwa plau wala kwa maziwa,
akamfukuzia inzi, akamnyima ile dawa ya maumivu,
kwani ng'ombe akifa nayo mwilini
figo za tumbusi ndizo zinazolipa.
Juzi ng'ombe alilala, hakuamka. Budhiram akafukiza udi,
kisha akamvuta kwa mkokoteni hadi uwandani.

Kibandani mna tundu la ukubwa wa sahani.
Tunakaa. Chai ya chupa. Kikohozi tunakimeza.
Saa tatu, hakuna kitu. Saa nne, kivuli kimoja,
kisha anga lote linashuka likiwa na kucha.

Sisimulii karamu. Mnajua tumbusi wanavyokula,
na kama hamjui, kaeni hivyo hivyo.
Mimi nilifuata sura.

Nikazungusha pete ya fokasi: ukungu, ukungu, ukungu, jicho.
Mita thelathini zikafutika kama chaki.
Na kumbe amekuja na kola yake mwenyewe,
manyoya meupe, safi kuliko shati lolote lililopita studioni.
Ngozi ya shingo imekunjika kama bahasha iliyosafiri sana.
Mdomo, rangi ya sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.
Tone la damu kwenye tundu la pua
linakauka, nami naliona likikauka.
Kope la tatu likapita jichoni kwa ubavu,
pazia ambalo studio yangu haijawahi kulimudu.

Kidevu juu kidogo, nikanong'ona.
Budhiram akanipiga kiwiko.
Lakini ndege aliinua.

Wapo wanaorudi kwangu na pasipoti ya marehemu.
Mama yake Khimlal alikuja wiki ya sikukuu ya taa,
akataka ile picha ndogo ikuzwe, ivikwe maua.
Ukiikuza mno sura ya mtu, inavunjika nukta nukta,
na koti linabaki kubwa kuliko yeye.
Sikumtoza. Na kuhusu koti sikujua niseme nini.

Hii ya leo haivunjiki. Usiku naikuza kwenye kioo cha kompyuta,
naingia jichoni, kahawia, bichi,
hadi nafika penye kibanda kidogo
na tundu jeusi,
na nyuma ya tundu, mtu
hajakaa sawasawa,
mabega yamepinda, masikio hayaonekani.

Budhiram anapiga simu, anaomba nakala moja.
Ya ng'ombe, anasema.
Huna hata moja ya ng'ombe?