Kichupa Namba Arobaini na Moja

Saa tisa ya usiku, maabara ya hospitali, Ibri.
Kiyoyozi kinakoroma. Mashine inazungusha damu
za watu nisiowajua nyuso:
mchunga ngamia aliyeletwa na wanawe,
bi harusi wa kesho kutwa,
dereva wa lori aliyepitiwa na usingizi njia ya Fahud.

Nawasoma kwa tarakimu.
Huyu figo. Huyu ini. Huyu chumvi imemzidi.
Naandika, natia sahihi, napeleka wodini,
na kila namba nyekundu naisemea moyoni:
maskini, hakujiangalia.

Na mimi?
Chai ya maziwa, vikombe sita, sukari vijiko vitatu vitatu,
halwa ya Bi Zuweyna ndani ya droo, chini ya glavu,
kwani zamu mbili mfululizo haziendi kwa maji matupu.
Miguu imevimba; nimelegeza viatu.
Kiu haikatiki; nimelisingizia jangwa.
Macho yana ukungu; nimezisingizia taa.
Mwili umebisha hodi mlango wa mbele, wa nyuma, hata dirishani,
nami naujibu kama ajibuvyo mwenye madeni:
mwenye nyumba hayupo.

Mgonjwa haulizwi uji, husema watu wa kwetu.
Mimi sikujiuliza hata maji.

Jioni, Lissy wa Kerala, mtu asiyesema sana,
tayari amevaa mkoba wake begani,
alirudi kutoka mlangoni, akanishika mkono,
akafunga mpira juu ya kiwiko, akachoma.
"Wewe unachunguza Ibri nzima," alisema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga,
"wewe nani anakuchunguza?"
Akaenda zake kuwahi basi.
Kichupa nikakisahau kwenye trei
kama nilivyosahau simu ya mama kutoka Ruwi,
jino la nyuma,
mwezi mzima wa Safari.

Sasa kimepanda foleni na wenzake.
Namba arobaini na moja.
Mashine ikafikiri, ikalia mara mbili.
Sukari: ishirini na mbili nukta nne.
Mkono ukaenda wenyewe kwenye kalamu nyekundu,
mdomo ukaanza kwa mazoea: maskini, haku—

Nikasoma jina.
La kwangu, la baba, la babu,
ukoo mzima umebanwa kwenye lebo
ndogo kuliko stempu.

Sheria ya maabara haina upendeleo:
namba kama hiyo hailali mezani.
Hupigiwa simu kwa daktari wa zamu,
naye huirudia neno kwa neno, asije akasikia vibaya.
Nikapiga.
Nikamsomea.
"Jina la mgonjwa?"
Kiyoyozi kikakoroma peke yake.
"Thureya binti Nasor."
"Yuko wodi gani?"
"Hayuko wodini. Yuko kazini."

Na daktari, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa,
akarudia, kama sheria inavyotaka:
"Mgonjwa yuko kazini."