Nyuma ya Sukari

Jagna, umenipigia simu saa nane usiku
kuniambia Olgierd hakuelewi.
Nimewasha taa ya jikoni. Theluji inaanguka Łódź
kama unga unaochekechwa na mtu asiye na haraka.
Hekima sina. Nina kisa cha mtungi.

Unayakumbuka matango ya siki ya bibi yako,
shada zima la shibiti, vitunguu saumu, chumvi isiyopimwa.
Alipokufa mwezi wa Machi alituachia mitungi sita ya kioo.
Mitano tuliila.
Wa sita niliusukuma ndani kabisa ya kabati,
nyuma ya sukari, nyuma ya balbu za akiba,
na sikumwambia mtu.

Baba yako akarudi kutoka karakana ya tramu
na wenzake wawili, wana njaa,
akaufungua.
Nilikuta kifuniko kwenye sinki.

Siku kumi na moja sikusema naye.
Nilimpakulia supu, nilimpigia shati pasi hadi kola,
nilikuwa mwema kwa wema unaokata.
Kununa nako ni kusema, mwanangu,
ila kwa lugha ambayo mwenzako hukumfundisha.
Yeye alidhani ni bili ya gesi.
Akaenda akalipa bili ya gesi.

Siku ya kumi na mbili aliketi, grisi bado kuchani,
akaniuliza kama anavyoiuliza tramu iliyogoma:
"Zenobia, nirekebishe kitu, au nisikilize tu?"
Nikasema, sikiliza.
Nikalia kwa ajili ya tango.
Nikalia mpaka nikajua silii tango.

Akasema samahani, akanyamaza.
Hakuitundika "lakini" nyuma yake,
hiyo "lakini" ambayo samahani ikiingia sebuleni
huitoroshea mlango wa uani.
Yangu mimi ilikuwa fupi, "Sikukwambia,"
nayo ilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Hatukugeuka watu wapya.
Mwaka uliofuata nilinuna tena, kwa sababu ya pazia.
Siku nne.
Nne si kumi na moja. Mimi nayaita hayo maendeleo.

Basi ule ujumbe mrefu ulionisomea, usiutume usiku huu.
Kula kitu kwanza, hata mkate mkavu.
Hasira yenye njaa huandika vizuri mno.
Kesho usianze na "wewe kila mara".
Mwambie ulichokificha nyuma ya sukari,
hata kama ni kidogo, hata kama kinakuaibisha.

Na kama anakutisha, Jagna, kama mkono wake unainuka,
hiki kisa si chake, wala usimhadithie.
Panda treni ya kwanza. Funguo unazo.

Baba yako anakoroma.
Kifuniko kipo bado: alikikunja mara mbili
akakitia chini ya mguu wa meza,
hapa ninapokuandikia.
Meza inayumba kidogo tu.