Saa Tatu Kasorobo

Ilikuwa ikipita juu ya Maji ya Chai
saa tatu kasorobo usiku,
nami nikajua: makande yameiva,
na Nderingo avue sare, alale.
Sikuwahi kununua saa ya ukutani.
Ya nini? Wazungu walinipitishia yao bure.

Tumboni mwake nilikuwemo, kwa namna yangu:
mashina elfu mbili kwa zamu,
sentimita hamsini, sitini, sabini,
lililopinda shingo, tupa,
lililochanua mapema, tupa,
chumba cha baridi, nyuzi nne,
vidole vikawa kama si vyangu
hadi nishike kikombe cha uji.
Kesho yake, tuliambiwa,
waridi lililonichoma Usa River
linapigiwa mnada Uholanzi
sisi hatujapiga hata mswaki.

Alhamisi bwana Sarakikya akatuita penye mizani,
ameshika karatasi kama majibu ya hospitali.
Akasoma, akatafsiri, akasoma tena:
mafuta yamepanda;
iko kampuni nyingine, ya huko jangwani, inabeba kwa bei ya chini;
njia ya Kilimanjaro hailipi.
Wameifuta kwenye ratiba.
"Ndiyo ushindani," akasema.

Ndeanasia, aliyekalia ndoo, akauliza:
"Wanashindana na nani?
Mbona tulioshindwa ni sisi,
na uwanjani hatujawahi kuingia?"

Hakuna aliyecheka.
Halafu tukacheka wote, hadi bwana Sarakikya.

Sasa maua yanapanda lori hadi Namanga,
yanasubiri muhuri,
yanamsubiri mwenye muhuri,
yanafika Nairobi yameshafumbua macho.
Na mimi nimebakiziwa siku tatu kwa juma.

Siwalaumu sana, wenye ndege zao.
Mimi pia, sokoni Tengeru,
humwacha mwenye nyanya za mia tano
nikamfuata wa mia nne,
na sijageuka hata siku moja
kumtazama usoni yule niliyemwacha.

Jana makande yaliungua.
Nderingo akaja mlangoni, sare bado mwilini,
akatazama juu, upande wa Meru,
akauliza kama ndege imechelewa.

Nikamwambia avue viatu.