Midundo Miwili

Mimi ndiye niliyesuka ule wavu, Lidede.
Nilikata kipande cha wavu wa mbuta uliochakaa
nyumbani kwa mjomba, kule Dunga,
nikaazima ngazi ya fundi wa stima,
nikafunga mafundo kumi na mawili kwenye pete ya chuma
ili mpira wako ukipita useme kitu,
usiingie kimya kama mgeni asiyebisha hodi.

Ulikuwa na miaka kumi na saba, mimi kumi na miwili.
Manyatta nzima ilijua jina lako.
Mimi nilijua mguu wako:
kwenye mstari wa mtupo huru
ulipangusa soli ya kushoto kwa kiganja,
ukadunda mara tatu, tatu tu,
ukavuta pumzi, ukaachia.
Nilikuhesabia kwa meno.
Darasani nikiitwa ubaoni
niligonga chaki mara tatu kwanza.
Mwalimu Randiki akanichapa.
Kesho yake nikagonga tena.

Jumamosi ya fainali nililipa hamsini.
Zimebaki sekunde nne, tuko nyuma kwa pointi moja,
refa kakupa mitupo miwili.
Vijana wa Kondele wamepanda ukutani,
mama wa mahindi kaacha jiko, mahindi yanaungua.
Hukugusa soli.
Ukadunda mara mbili.
Nami, mpira ungali mkononi mwako,
nilishajua.

Wa kwanza ukagonga chuma.
Wa pili haukugusa hata wavu wangu.

Wengine walisema ni uchovu.
Wengine, upepo wa ziwa, ule wa saa kumi.
Wengine walimtukana refa mpaka usiku.
Nilinyamaza. Ningesemaje, na mbele ya nani?
Alidunda mara mbili, mheshimiwa?

Mwezi uleule ukanunua pikipiki nyekundu.

Jana, miaka sita baadaye, nimekukuta Kibuye
kwa muuza mitumba, umeinua raba moja, unakagua soli.
Tumbo limeanza kukutangulia.
Nikakuuliza. Sikuzunguka.
Hukukana. Hata hukukasirika,
na hapo ndipo paliponiuma.
“Siku ile mlangoni ulilipa ngapi?”
Hamsini.
Ukachomoa noti ya hamsini, ukainyoosha kwenye paja,
ukaniwekea kiganjani
kama mtu anayelipa deni la sukari dukani.
Kisha ukaomba upunguziwe bei ya raba.

Sikuirudisha. Na hilo niliseme, nisijitie utakatifu.
Nilitembea nayo hadi uwanjani.
Saruji imepasuka, majani yameota kwenye nyufa.
Mafundo yamebaki saba.
Mtoto mmoja, peku, amesimama mstarini
anadunda: moja, mbili, tatu,
nne. Tano. Sita.
Anacheka peke yake. Kasahau kutupa.

Meno yangu bado yalikuwa yanahesabu.